Dereva Mpya wa Lori Hufundwa Wapi Kabla ya Kuachiwa Usukani?

Kwa sheria ya Tanzania, mtu huwa dereva wa lori siku leseni yake inapoandikwa daraja E. Njia ya kufika hapo inajulikana. Huanza na leseni ya kujifunzia, daraja H, inayolipiwa shilingi 10,000 na kudumu miezi mitatu. Mwanafunzi husoma shule ya udereva, hupewa cheti, hupimwa na askari wa usalama barabarani, kisha Mamlaka ya Mapato Tanzania humchapishia leseni. Kwa kawaida hiyo ya kwanza huwa ya daraja D, la magari madogo yasiyo ya biashara, na baada ya muda mwenyewe huomba kupandishwa. Tangu mwaka wa fedha 2019/20 leseni hudumu miaka mitano badala ya mitatu, kwa ada ya shilingi 70,000.

Katika mlolongo huo hakuna mahali anapoulizwa ameteremka milima mingapi akiwa na mzigo. Kinachohesabiwa ni umri wa leseni. Sharti la daraja C, la mabasi yanayobeba abiria 30 na zaidi, linaonyesha jambo hilo waziwazi: mwombaji awe ameshika daraja C1 au E kwa muda usiopungua miaka mitatu. Aliyekwenda Dar es Salaam na kurudi Kasulu, mkoani Kigoma, mwezi baada ya mwezi kwa miaka hiyo mitatu, na aliyeifungia leseni yake kabatini, mbele ya dirisha la maombi wako sawa. Kwa hiyo swali la kama dereva mpya hupata mafunzo ya kutosha kabla ya kuachiwa lori peke yake halina jibu rasmi, kwa kuwa hakuna anayelipima jambo hilo. Mafunzo yapo, lakini yanatolewa mahali ambapo sheria haipatazami: kwenye kiti cha utingo.

Ukubwa wa pengo huonekana kwenye uzito. Shule nyingi za udereva za miji midogo hufundishia gari dogo la gia za mkono, lenye tani moja na ushee. Humo mwanafunzi hujifunza alama za barabarani, kuondoka kwenye kilima bila kurudi nyuma, kuegesha na kutoa ishara. Yote hayo ni ya lazima, na dereva wa lori asiyeyajua ni hatari kuliko mwingine yeyote. Lakini lori la ekseli mbili, ambalo watu wa Kasulu na Kibondo huliita fuso hata likiwa la kampuni nyingine, linaruhusiwa kufika tani 18 likiwa na mzigo: nane kwenye ekseli ya mbele na kumi kwenye ya nyuma. Semitrela la ekseli saba linaruhusiwa tani 56 kwa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Aliyezoea gari la tani moja akipanda kwenye chombo cha tani 18 hapandi gari kubwa zaidi tu. Anapanda kitu chenye tabia nyingine kabisa, na sehemu kubwa ya tabia hiyo haionekani mpaka barabara ianze kuteremka.

Na huku barabara zinateremka. Kasulu, pamoja na Kabanga iliyo jirani yake yenye hospitali ya misheni na chuo cha ualimu, iko kwenye nyanda zinazopita meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kama meta 770. Maharage, mahindi, udaga na ndizi vinavyopakiwa huku juu kwenda Kigoma ni lazima vishushwe zaidi ya meta 400, achilia mbali mabonde na vilima vya katikati. Kurudi, lori hupanda na saruji, mabati, soda, chumvi ya Uvinza, mawese na dagaa. Upande wa kaskazini, barabara ya Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi ndiyo inayounganisha nyanda hizi na Kahama, na upande wa magharibi ile ya Manyovu inakwenda Burundi. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo dereva anaweza kuimaliza bila kuteremka mlima na mzigo.

Namna ya kuteremka ndiyo somo ambalo gari dogo haliwezi kulifundisha. Tani 18 zikishuka meta 100 kwenda chini hutoa nishati ambayo, kama yote ingegeuka joto, ingechemsha zaidi ya lita 50 za maji. Joto hilo halina pa kwenda ila kwenye breki, isipokuwa injini ibebe sehemu yake. Dereva mzoefu akifika kileleni hafikirii breki kwanza, anafikiria gia. Anaingia gia nzito kabla ya mteremko kuanza, kwa kanuni ya madereva wa zamani kwamba mlima hushukwa kwa gia uliyopandiwa. Anawasha breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini ijizuie yenyewe. Breki ya mguu anaikanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi, mwendo ukipungua anaiachia ipoe, kisha anakanyaga tena. Jicho moja liko kwenye geji ya upepo, kwa sababu breki za lori zinasukumwa na hewa iliyobanwa kwenye matangi, na mguu unaokanyaga ovyo humaliza upepo haraka kuliko kompresa inavyoweza kuujaza.

Mgeni hufanya kinyume, na hafanyi kwa uzembe. Anafanya alichofundishwa. Kwenye gari dogo, mwendo ukizidi unakanyaga breki, basi. Anaanza kushuka na gia nyepesi, lori linamsukuma, anaweka mguu juu ya pedali na kuuacha hapo. Baada ya kilometa moja au mbili ngoma za breki zimewaka, harufu ya kuungua inaingia kibini, na pedali inakanyagika kama kawaida huku gari halipungui. Akijaribu kurudisha gia nzito sasa, giaboksi haikubali kwa sababu mwendo umeshapita kiwango chake, na anabaki katikati, kwenye nyutro, bila injini na bila breki. Taarifa za ajali huandika kwamba breki zilifeli. Mara nyingine ni kweli: mpira wa upepo umepasuka au lainingi zimeisha. Mara nyingine breki zilikuwa nzima kileleni, na kilichofeli ni uamuzi wa gia uliofanywa meta 500 kabla.

Kuna pia wanaoingia nyutro kwa makusudi. Mwenye gari hutoa mafuta ya safari kwa kukadiria, na kinachobaki ni cha dereva. Kila mteremko unaoshukwa bila injini huhesabiwa kuwa mafuta ya kuuza. Tabia hii hairithiwi kutoka shule yoyote, inarithiwa kwa mtu aliyekaa kiti cha kulia, na ndipo ubaya wa ufundishaji wa kienyeji unapoanzia.

Mteremko mmoja usioshikika unatosha kueleza kwa nini jambo hili si la madereva peke yao. Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Ngaramtoni kwenye barabara ya Arusha hadi Namanga, lori lililoripotiwa kufeli breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa. Miongoni mwa waliokufa ni watu waliokuwamo kwenye magari hayo. Nyanda za Kasulu hazina msongamano wa Arusha. Zina wanafunzi wa bweni wanaotembea kando ya lami jioni, bodaboda zenye abiria wawili, na siku za soko ambapo barabara kuu inageuka gulio.

Lami yenyewe ni habari mpya kiasi. Kwa miaka mingi barabara ya Kigoma hadi Nyakanazi ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, kilometa 63, kikapata lami, na kile cha Kabingo hadi Nyakanazi, kilometa 50. Mradi mkubwa zaidi ni wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260.6, uliogawanywa vipande vinne na kugharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na barabara ya Rumonge hadi Gitaza upande wa Burundi. Hakuna mtu mwenye akili zake anayelilia tope. Mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali ya Kabanga kwa saa nyingi sasa anafika mapema. Hata hivyo kwa dereva mpya tope lilikuwa mwalimu mkali asiyeua. Kosa lake lilimkwamisha: lori lilizama, utingo wakashuka na majembe, siku mbili zikapotea, wenzake wakamcheka. Barabara haikumruhusu kukimbia kupita ujuzi wake. Lami inamruhusu. Kikomo cha kisheria cha gari la mizigo linalozidi tani tatu na nusu ni kilometa 80 kwa saa nje ya makazi na 50 ndani ya makazi. Gari lenye mzigo kamili linaweza kufikisha mwendo huo kwenye mteremko bila dereva kugusa pedali ya mafuta.

Jambo jingine lililoondoka pamoja na vumbi ni msafara. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ujambazi ulipokithiri, magari yaliyopita kati ya Kibondo na Nyakanazi yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Yalisubiriana, yakaondoka pamoja. Msafara ulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeikusudia. Dereva mgeni alikuwa nyuma ya mzoefu, akiziona taa zake za breki, akisikia pale injini ya mbele inapobadilisha sauti kwa kuingia gia nzito, naye akafanya vivyo hivyo. Usalama uliporudi, kila mtu akaanza kuondoka saa anayotaka, peke yake.

Tangu miaka hiyohiyo kambi za wakimbizi zilileta aina nyingine ya shule. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Nduta, wilayani Kibondo, ilijaa tena Warundi kuanzia mwaka 2015. Chakula cha kambi ni maelfu ya magunia, na magunia yanakwenda kwa lori. Mashirika ya kimataifa hayamwajiri dereva kwa kuangalia leseni tu. Humpa gari, humketisha mtahini pembeni, na humkataa asiyeweza kurudi nyuma kwa vioo au asiyekagua tairi kabla ya kuondoka. Wenye malori binafsi waliopata mikataba ya kusafirisha chakula walijikuta wakidaiwa bima, matairi mazuri na madereva wanaoeleweka. Wapo madereva wa nyanda hizi waliopimwa kwa mara ya kwanza maishani kwenye geti la kambi, miaka mingi baada ya kupata leseni.

Waliobaki, ambao ndio wengi, walipita kwa utingo. Kijana huanza kwa kupakia na kushusha. Akionekana si mvivu, anachukuliwa safari. Kazi zake ni kufunga turubai na kukaza kamba, kupima oili na maji alfajiri, kugonga tairi kwa chuma ili kusikia kama moja kati ya zile mbili za nyuma imepungua upepo, kubadili tairi, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lori linaposimama kwenye mlima, kushuka kuelekeza dereva anaporudi nyuma, na kulala juu ya mzigo ili usiibiwe. Hana mkataba. Analipwa kwa safari, na chakula chake kiko kwenye posho ya dereva, ambaye utingo humwita mzee hata kama wamepishana miaka mitano.

Udereva huja polepole na kwa kuibia. Kwanza anaruhusiwa kuwasha injini asubuhi ili upepo ujae. Baadaye anasogeza lori ndani ya yadi. Kisha, siku gari likiwa tupu na barabara imenyooka, mzee anasogea upande, anamwachia usukani kilometa kumi, ishirini. Kufika hapo utingo ameshasafiri miaka miwili au mitatu na anajua mambo ambayo hakuna cheti kinachoyaandika. Anajua sauti ya injini inayolemewa. Anajua kwamba tela hukata kona kwa ndani, kwa hiyo kichwa lazima kitangulie mbali kabla ya kupinda, la sivyo magurudumu ya nyuma yanapanda ukingo na kumfuata anayetembea. Anajua kwamba ukirudi nyuma na tela unazungusha usukani kinyume cha unakotaka mkia uende, jambo ambalo mikono huelewa baada ya kukosea mara nyingi na ambalo maelezo ya darasani hayasaidii sana. Uani kwa mfanyabiashara wa saruji mjini Kasulu, kati ya ukuta na nguzo ya umeme, ndiko mtihani huo unakofanyika, watazamaji wakiwa tele na kila mmoja akipiga kelele yake.

Tatizo la kwanza la chuo hiki ni kwamba kinaendeshwa kinyume cha sheria. Utingo anayeendesha bila leseni ana kosa, aliyemwachia usukani ana kosa, na bima inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea. Kwa hiyo mafunzo hufanyika usiku au mahali pasipo trafiki, yaani katika mazingira yasiyofanana na yale atakayokutana nayo. Tatizo la pili ni kwamba mwanafunzi hachagui mwalimu. Akiangukia kwa mtu makini, atatoka dereva wa kuaminika kuliko mhitimu wa kozi yoyote. Akiangukia kwa anayeshuka kwa nyutro, anayepakia abiria juu ya magunia, anayeendesha usiku kucha kwa kutafuna chochote cha kumfanya asilale, hayo ndiyo atakayoyajua kuwa kazi. Kiti ni kilekile.

Upande wa pili yuko anayepata daraja E bila kupita kwa utingo wala darasa la maana. Malalamiko kuhusu leseni za namna hiyo ni ya siku nyingi, na si ya wananchi tu: Jeshi la Polisi limewahi kuendesha uhakiki wa madereva wa daraja C na E, jambo ambalo halingehitajika kama kila leseni ingekuwa na mafunzo nyuma yake.

Mafunzo rasmi ya magari makubwa yapo nchini. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo jijini Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1975, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakimiliki sehemu kubwa ya malori na mabasi na yakihitaji watu wa kuyaendesha. Kina kozi za madereva wa abiria na wa mizigo, na kwa miaka kadhaa kimeshirikiana na Transaid, shirika la hisani la Uingereza, kuboresha wakufunzi na mitaala. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo hufundisha udereva, na kituo chake cha Kihonda mkoani Morogoro kinafahamika kwa magari makubwa. Kutoka Kabanga hadi Mabibo ni zaidi ya kilometa 1,200. Kijana anayelipwa kwa safari akienda huko anahitaji nauli, ada, malazi na chakula, na akirudi anakuta nafasi yake juu ya turubai imekaliwa na mwingine.

Suala la nani alipe ndilo lililosimamisha nchi mwaka 2015. Serikali ilikuwa imetaka madereva wa magari ya biashara warudi darasani kila wanapohuisha leseni, ambayo wakati huo ilikuwa ya miaka mitatu, kwa gharama yao wenyewe. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva waligoma. Kituo cha mabasi cha Ubungo, Dar es Salaam, kilijaa abiria waliokata tiketi na mabasi yasiyoondoka, na hali ikawa hiyohiyo katika miji mingine. Siku hiyohiyo serikali ilitangaza kuliondoa sharti hilo. Mapema Mei wakagoma tena, safari hii wakidai hasa mikataba ya ajira.

Mgomo ule hukumbukwa kama ushahidi kwamba madereva hawapendi kusoma. Madai yao yakisomwa vizuri, yanaeleza kitu tofauti. Dereva asiye na mkataba hana mwajiri wa kumdai ada. Akisoma kwa fedha yake, faida ya kwanza anaipata mwenye gari, ambaye kesho anaweza kumwacha na kumchukua deiwaka, yaani kibarua wa siku, asiyesoma kwa ujira mdogo zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, lakini katika malori ya mtu mmojammoja karatasi hiyo ni adimu. Kulazimisha mafunzo kabla ya kulazimisha mikataba kulikuwa kuanza safari kutokea mwisho.

Baada ya hapo mzigo ulihamia kwa mdhibiti. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, badala ya mtangulizi wake SUMATRA, iliipa kazi ya kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara, na kanuni zake zilitoka mwaka 2020. Dereva hufanya mtihani kwa kompyuta, akifaulu anasajiliwa. Ni hatua ya kweli, kwa sababu inamtenganisha mtahini na aliyetoa leseni. Kwa vitendo mkazo umekuwa zaidi kwa mabasi. Tena mtihani wa kompyuta hupima kile kinachoweza kuulizwa kwenye skrini. Unaweza kumuuliza mtu ashuke na gia gani, akajibu sawasawa, na bado mguu wake ukafanya mazoea.

Nchi zenye fedha nyingi hazijalimaliza jambo hili pia. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2003, ulitaka dereva mpya wa lori apate mafunzo ya saa 280, au 140 kwa njia ya haraka, kisha saa 35 kila baada ya miaka mitano. Zinaonekana nyingi mpaka mtu aone kwamba kati ya zile 140, saa ambazo mwanafunzi analazimika kushika usukani mwenyewe ni kumi tu. Marekani ilipendekeza mwaka 2016 saa 30 za usukani, ikaziondoa kwenye kanuni ya mwisho. Iliyoanza kutumika tarehe 7 Februari 2022 inamtaka mkufunzi athibitishe kwamba mwanafunzi anaweza, bila kutaja saa. Kanada ilisukumwa na msiba. Tarehe 6 Aprili 2018, katika jimbo la Saskatchewan, lori lilipita alama ya kusimama na kugongana na basi la timu ya magongo ya barafu ya Humboldt. Watu 16 walikufa. Dereva wa lori alikuwa na wiki chache tu kazini, na za kwanza alikuwa na msimamizi. Mwaka uliofuata jimbo hilo liliweka saa 121.5 kuwa za lazima. Ontario ilikuwa imetangulia mwaka 2017 kwa saa 103.5.

Utingo wa Kasulu aliyesafiri miaka miwili ana saa nyingi ndani ya lori kuliko mwanafunzi yeyote wa nchi hizo. Kinachokosekana kwake ni kwamba hazijaandikwa popote, hakuna aliyekagua ubora wake, na nyingi alikaa upande usio na usukani. Kwa ufundi mwingine Tanzania imeshapata njia ya kushughulikia hali ya namna hii. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi mwashi, seremala, mpishi au makanika aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale alipopungua, na anapewa cheti bila kurudishwa mwanzo. Kwa udereva wa lori utaratibu kama huo ungehitaji vitu vichache: daftari la safari linalosainiwa na dereva, lenye barabara, uzito wa mzigo na kilometa ambazo mwanafunzi alishika usukani, mtahini anayempandisha mlima na mzigo na kumshusha, na leseni ya kujifunzia inayodumu kuliko miezi mitatu, kwa kuwa lori linaloharibika giaboksi huweza kulala karakana muda wote huo.

Leseni hiyo ya kujifunzia tayari inafungua mlango ambao wachache wameupita. Utingo mwenye daraja H, lori likiwa na alama ya L na pembeni yake mtu anayeruhusiwa kisheria kumfundisha, anaweza kujifunza mchana kweupe mbele ya trafiki. Kinachowazuia wenye magari ni hesabu. Lori la mwanafunzi ni polepole, hula mafuta zaidi, na tajiri mwenye lori moja alilokopea benki hana siku ya kupoteza. Makampuni makubwa ya masafa marefu yenye magari mengi yanaweza kumweka mgeni kiti cha pili safari kadhaa, kumpa gari tupu, kisha mzigo mwepesi, kisha tela. Mwenye fuso moja hufanya hivyo akiwa mwangalifu tu: wiki za kwanza humtuma dereva mpya kwenye mchanga na matofali kati ya Kasulu na vijiji vya jirani, halafu Kibondo, na Kigoma huja baadaye, kwanza kwa kupanda na mzigo na kushuka tupu.

Linalobaki ni malipo ya anayefundisha. Dereva mzoefu hulipwa kwa safari, na safari yenye mwanafunzi huchukua muda mrefu zaidi kwa posho ileile. Baadhi ya wenye magari humwongezea kitu kidogo, wengine hawajui hata kwamba kuna mtu anafundishwa kwenye gari lao. Kanuni za LATRA zinamhesabu dereva na wahudumu wa chombo, leseni inamhesabu dereva peke yake, na mkataba, pale unapokuwepo, unataja kuendesha. Kazi ya kufundisha haimo kwenye karatasi yoyote kati ya hizo, wala bei yake.